Mjusi Asiyeuweza Moto

Tap.

Kikapita kimya, kisha tap tena, sauti laini ya kitu chenye majimaji kinachogusa kioo na kukiachia. Ruqaya alikuwa kalala kifudifudi, kajifunika shuka mpaka masikioni, na adhana ya magharibi ndiyo kwanza inamalizika katika msikiti wa mtaani kwao Al Khoudh, Maskati. Hakuhitaji kufumbua macho. Alijua kwamba Kungu ameamka, ameruka kutoka kwenye gome lake la mchana, amejibandika kiooni kwa vidole vyake vya kunata, na anangoja mvua.

Akanyanyuka nusu yuko macho, nusu bado yumo ndotoni, akachukua chupa ya kunyunyizia na kuanza kumnyeshea. Fss, fss. Vitone vikatua juu ya majani, vikateleza kwenye matawi, vikakusanyika na kudondoka chini polepole. Nje jua lilikuwa limekausha kila kitu kiangazi kizima, hata migunga ya barabarani ilikuwa imejikunyata. Ila ndani ya sanduku lile la kioo kulikuwa na msitu, na msituni mvua ilinyesha kila jioni, hata siku moja haikukosa.

Kungu mwenyewe hakuzidi kiganja cha mkono. Alikuwa na rangi ya hudhurungi iliyoiva, kama kungumanga iliyokauka, na ndiyo asili ya jina lake. Juu ya macho yake paliota safu ya miiba laini, ikashuka mpaka mgongoni, ukadhani ni kope za bibi harusi. Lakini kope za kufumba hakuwa nazo. Macho yake yalikuwa wazi maisha yote, na yakiingia vumbi alitoa ulimi mrefu akayaosha mwenyewe, taratibu, kama mtu anayefuta miwani huku akifikiria jambo jingine.

Nyumba yake ilikuwa ndefu kuliko upana, maana yeye ni kiumbe wa kupanda, chini hapataki. Hata chakula hufuatwa juu. Ruqaya alimkorogea unga wa matunda kwa maji mpaka ukawa mzito kama uji wa mtoto, akautia katika kifuniko cha chupa na kukibandika kiooni karibu na dari. Mara mojamoja alimwachia nyenje wadogo kutoka duka la wanyama la Mawaleh, na hapo Kungu, aliyekuwa akienda kama yumo ndotoni, aligeuka mshale.

Ruqaya alikuwa kapewa mjusi huyu na Alaa, rafiki yake wa chuoni, siku Alaa alipokwenda kusoma Malaysia. Alaa alimweleza kwamba asili ya mijusi hawa ni kisiwa kilichoko ng'ambo ya Australia, kwenye misitu ya ukungu, na kwamba watu walipata kuamini wametoweka wote duniani, mpaka wakaja kuonekana tena. Akamtajia mengi ya kulisha na kusafisha. Mwisho akamshika mkono na kumwambia kuwa mengine yote ukikosea atakusamehe, ila joto. Joto hapana. Ndiyo maana sanduku halikuwekewa taa, na kiyoyozi cha chumba kile hakikuzimwa usiku wala mchana.

Watu wa nyumba walimzoea, isipokuwa mmoja.

Bi Nasriya, mama yake baba, alitoka Unguja msichana mbichi, akazeekea Maskati, na Kiswahili chake hakikupata kuchujuka. Siku ya kwanza kumwona Kungu alisimama mlangoni, mkono kiunoni, akauliza nani kamtilia mjusi kafiri ndani ya nyumba. Utotoni kwao, mjusi wa ukutani alikuwa hasalimiki. Nabii Ibrahim alipotiwa motoni, wanyama wote walihangaika kuuzima, kila mmoja kwa alichoweza kubeba, akabaki mjusi peke yake akiupuliza uzidi kuwaka. Watoto walimkimbiza kwa fagio wakitafuta thawabu, na Bi Nasriya alikuwa hodari wao.

Ruqaya, ambaye neno halimpiti bila ya kulijibu, alisimama naye uso kwa uso. Akaeleza kwamba huyu si yule. Huyu ni jamii nyingine, wa upande mwingine wa dunia, hata Waswahili hawajampa jina.

"Kwani ukafiri una nchi?" Bibi akauliza. "Mjusi ni mjusi."

Nakimuli, msichana wa Masaka aliyekuwa akifanya kazi pale nyumbani, alikuwa akipita na kapu la nguo. Akasimama.

"Basi tuko wawili, Mama Mkubwa. Mimi na yeye tutahamia jikoni."

Bi Nasriya akaona haya. "Wewe si kafiri, mwanangu. Wewe Nasara, una kitabu chako."

"Na yeye labda ni Mkatoliki. Mmemuuliza?"

Bibi alicheka mpaka akakaa chini, lakini hukumu haikubadilika. Mjusi atabaki ghorofani. Chumba chake yeye, cha kusalia na kulala, hataingia. Siku akivuka kizingiti kile, mmoja wao atahama. Ruqaya akapandisha mabega na kurudi juu. Alikuwa na kiburi cha kutosha kujaza ngazi nzima, na tangu siku ile hakumtaja Kungu mbele ya bibi yake.

Ikawa hivyo mpaka Alhamisi moja ya Julai. Baba na mama walikuwa Salala. Baada ya sala ya adhuhuri kiyoyozi cha Ruqaya kilikohoa, kikatoa harufu ya waya ulioungua, kikanyamaza, na taa za ghorofani zote zikazimika pamoja nacho. Fundi aliyekuja kutoka Rusayl alifungua ukuta, akatikisa kichwa. Waya mkubwa wa juu umeungua, na kifaa chake hakipatikani mpaka Jumamosi. Hata chini akawaonya wawashe kiyoyozi kimoja tu, wasije wakaunguza uliobaki. Kimoja hicho, bila ya mjadala, kikawa cha chumbani kwa Bi Nasriya. Nakimuli akakokota magodoro, akayatandika kule.

Ruqaya hakushuka. Alibaki juu na Kungu.

Jua lilikuwa limekalia dari. Joto liliingia chumbani kama mgeni asiyebisha hodi, likakaa juu ya kitanda, likagusa vitabu, likaufanya ukuta uwe na uvuguvugu wa mgongo wa punda. Ruqaya akanyunyiza maji; yakakauka. Akalizungushia sanduku mataulo yaliyolowa, yakapata moto. Akaleta chupa za barafu, akaziegemeza kwenye kioo, akazitazama zikigeuka maji huku jasho likimchirizika machoni. Akampigia simu Ruba, binti wa ami yake aliyekuwa akikaa Mawaleh. Ruba akasema yeye hana neno, ila mama yake akisikia mjusi ataondoka nyumbani na sanduku lake la nguo. Alaa naye alikuwa mbali, tena huko aliko kumeshakucha au kumeshakuchwa, Ruqaya hakuweza hata kuhesabu. Kichwa chake kilikuwa kimejaa ukungu. Kwa muda alijiona anatembea katika msitu wa kisiwa kile, majani yanamgusa mashavu, na mahali fulani juu matone yanadondoka lakini hayamfikii.

Akazinduka. Kungu alikuwa kaachia kioo.

Alikuwa chini, juu ya usumba uliotandikwa sakafuni mwa sanduku, yeye asiyeshuka hata kwa chakula. Alikuwa kalalia tumbo, kinywa wazi, na vidole vyake vya kunata vimelegea kama glavu zilizovuliwa.

Ruqaya akalikumbatia sanduku zima, akashuka nalo. Maji yalimwagika kifuani mwake ngazi baada ya ngazi. Njia nzima alikuwa akipanga maneno: majina ya kitaalamu, hoja za jamii za mijusi, hata ukali kidogo. Alipofika mlangoni kwa Bi Nasriya ubaridi ulikuwa ukipenya chini ya mlango na kumlamba vidole vya miguu, na maneno yote yakampotea. Akagonga kwa kiwiko.

Nakimuli akafungua. Bibi alikuwa kakaa kitandani na tasbihi yake. Ruqaya akasimama nje ya kizingiti, hakukivuka.

"Bibi, sikuja kubishana."

"Umekuja kufanya nini basi, na hilo sanduku?"

"Anakufa."

Bi Nasriya akamtazama mjukuu wake, nywele zimemgandia usoni, kanzu imelowa. Akauliza kitu gani kinachomuua.

"Joto," Ruqaya akasema. Sauti yake haikuwa na ukali tena. "Kwao kuna ukungu na mvua. Joto la huko juu haliwezi."

"Lipi? Hilo la chumbani kwako?"

"Hilo hilo, Bibi."

Tasbihi ikasimama. Bi Nasriya alikuwa mtu wa kusikiliza kisa kwa makini, na kisa kikipinda mahali, hakukubali kusonga mbele mpaka kinyooke.

"Hebu nambie tena. Hakuna moto, hakuna jiko. Uvuguvugu wa ukuta tu ndio unaomuua?"

"Ndio huo. Hata taa hawekewi, inamdhuru."

Kiyoyozi kikavuma. Bibi akautazama ukuta wa mbele yake, kama aliyekuwa akiona pale kuni za mfalme Namrudi zilivyopangwa, ndimi za moto zinavyopanda, na wanyama waliozunguka kwa mbali wakiziba nyuso zao.

"Moto ule," akasema polepole, "watu wenyewe walishindwa kuusogelea, wakamrusha Nabii kwa mbali. Ndege akipita juu yake anaungua. Sasa huyu, uvuguvugu wa ukuta unamlaza chini. Angefika vipi akaupuliza?"

"Angekufa njiani, Mama Mkubwa," Nakimuli akasema.

"Angekufa njiani." Bi Nasriya akaiweka tasbihi juu ya mto wa kulalia. "Si yeye. Wamemsingizia."

Ruqaya alikuwa kasoma kila kilichoandikwa kuhusu mijusi hawa, na hoja hii haikupata kumpitia. Alitaka kusema neno. Akaliuma, likabaki.

"Umesimama nini? Mwingize. Baridi inatoka."

Sanduku likawekwa juu ya kimeza karibu na kitanda, na Ruqaya akanyunyizia maji. Wakakaa watatu kulizunguka. Kungu hakujitikisa. Ubavu wake ulipanda kidogo, ukashuka, na kila uliposhuka Ruqaya alingoja usipande tena.

Bi Nasriya akainua pua.

"Nini kinachonuka hivi?"

"Usumba, Bibi. Wa makumbi ya nazi. Ndio anaolalia, unashika maji."

Bibi akasogeza uso mpaka kwenye wavu wa juu ya sanduku, akavuta pumzi, akafumba macho. Kisha akaanza kusema, si na wao hasa. Akasema wao kule Malindi ya Unguja walilala juu ya magodoro ya usumba, watoto wanne godoro moja, na mvua za masika paa likivuja, godoro lilinuka hivi hivi. Mama yake alikuwa akizunguka na masufuria, akiweka moja hapa, jingine kule, na kila sufuria likawa na sauti yake. Yeye alikuwa akizisikiliza mpaka usingizi unamchukua, na ndotoni mvua iliendelea. Tangu aje Maskati amenusa udi, amenusa luban, ubani wa kule, amenusa na waridi za mlimani. Harufu hii hakuinusa tena.

Ruqaya akanyunyiza kidogo kidogo, bila ya kuambiwa. Vitone vikadondoka kutoka jani hadi jani. Chumba kikawa kama kimejitenga na Al Khoudh yote, kimeelea peke yake na kijimvua chake. Nakimuli aliegemeza kichwa kwenye godoro akasema kwao msimu wa mvua matope hufika magotini. Bibi na Ruqaya wakasali magharibi pale pale, na hakuna aliyechungulia nje kuona giza likiingia.

Adhana ya isha ilipoita, Bibi hakuondoka kiooni mara moja. Alikuwa kainama mbele ya kioo. Ndani, Kungu alifunga kinywa. Ulimi ukatoka, mwekundu, mwembamba, ukapanda mpaka kwenye jicho la kushoto na kuliosha; kisha la kulia. Akabaki hivyo kidogo, kama anayeulizia yuko wapi. Mkono mmoja ukanyanyuka kutoka kwenye usumba, ukagusa tawi, na safari hii ukashika. Akajivuta juu. Akafika kwenye jani lenye tone, akalinywa.

Ruqaya alikuwa akilia na hakutaka wamwone, akageukia pazia. Nyuma yake akamsikia bibi yake akigonga kioo kwa ukucha, mara moja, kwa adabu, na kusema na mjusi kwa sauti ya kumwambia mtu mzima mwenzake:

"Sikiliza, bwana. Nimekudhulumu kwa kesi ya mtu mwengine. Madhali nna pumzi, chumba hichi ni chako mpaka kiangazi kiishe, na mvua yako ntakunyeshea mimi, kwa mkono wangu huu. Wallahi."