Ulimi wa Lulu Hauna Kosa

Bajaji ilikuwa imeshaanza kutoka uchochoroni pale Yombo Vituka, Bi Mwanakombo ndani kajitanda kanga ya safari, mjukuu wake Lulu kampakata, Naima alipotokea dukani akasimama mbele yake kama nguzo ya umeme. Stanley, dereva, akakanyaga breki huku akitukana kimoyomoyo.

"Mama, mwanangu unampeleka wapi?"

"Chanika," mama mkwe alijibu, hata jicho hakupepesa. "Kwa mkata udata. Ule utando chini ya ulimi ukishapita wembe, mtoto ataongea. Twalib kasharidhia."

Karidhia! Mume mtu, kwenye simu, bila kumwambia mama wa mtoto. Damu ilimchemka Naima mpaka masikioni. Na chanzo cha wembe huo alikijua. Juzi kwenye hitima, Mzee Khalfani, mkubwa wa ukoo, alimnyooshea Lulu mkono aamkiwe. Mtoto wa miaka minne, maneno yake mawili tu, "mama" na "hapana", akabaki kumtazama. Mzee akatangaza mbele ya sinia la pilau: huyu ama hana adabu, ama ulimi wake umefungwa. Ukoo mzima, wenye ndimi zao timamu, hakutoka hata mmoja wa kumjibu.

"Anna kashamwangalia," Naima alisema. Anna ndiye mtaalamu wa mazoezi ya kuongea, waliyekuwa wakimwendea hospitali kila wiki. "Ulimi mzima, masikio mazima. Maneno ndiyo yanachelewa, na yanafundishika."

"Yule binti? Si mnapuliza mapovu ya sabuni tu! Eti mwonyeshe kikombe, halafu usubiri. Mtoto ana kiu, we unasubiri! Mie nampa hata hajanyoosha kidole."

"Ndo hivyo, mama, humwachii nafasi ya kuomba!"

"Usinipandishie sauti. Mie nimelea saba."

"Naipandisha! Huyu hana ya kwake, nani ampandishie?"

Majirani walishajaa vibarazani. Naima akachana paketi ya ubuyu aliyotoka nayo dukani, akampaka Lulu juu ya mdomo, karibu na pua. Kisha akanyamaza, kama alivyofundishwa. Ulimi ukachomoza, ukapanda, ukafagia ubuyu wote kulia na kushoto, ukarudi zake ndani.

"Bibi, ulimi huo ukiachiwa unafika Kibaha," Stanley alisema.

"Huo utando uko wapi, mama? Mnataka kumkata nini? Mnamkata kwa kuwa kawatia aibu!"

Naima akamtoa mwanawe mapajani mwa bibi yake, akaingia naye ndani.

Bi Mwanakombo alihamia kwa bintiye Ubungo kwa hasira, akarudi baada ya Idi. Habari za wembe hakuzitaja tena. Twalib alisemwa mpaka akakoma, tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa akimpeleka mtoto mazoezini. Lulu alianza kuomba kwa kidole, kisha kwa neno moja moja. Sasa yuko darasa la awali, anaunga maneno manne, na ana kelele. Mzee Khalfani alifariki bila kuomba radhi. Mkata udata wa Chanika bado anakata, na watu wanapanga foleni. Anna alihamishiwa mkoani. Nafasi yake haijajazwa.