Sakafu ya Kanisa Kuu

Asubuhi yetu ya kwanza jijini Mexico, mume wangu Eulalio alinunua tamale, donge la unga wa mahindi uliopikwa kwa mvuke, iliyotiwa ndani ya mkate, akaigeuzageuza kama mtu anayeuziwa mbuzi mgonjwa.

"Tila, hawa watu wa mji mkuu wana wazimu," akasema. "Unga ndani ya unga!"

"Kula, mzee. Ukishiba utaacha kulalamika."

"Nikishiba hivi nitaacha kutembea."

Akala yote, akaomba nyingine. Huyo ndiye Eulalio, Layo wangu. Nilimtazama akilamba vidole nikamshukuru Mungu, maana mwaka uliopita mkono uleule haukuweza kushika kijiko.

Safari ilikuwa zawadi ya binti yetu Maricela, aliyechoka kutusikia tukisema tutaenda, tutaenda. Maisha yetu yote tumefuga ng'ombe huko Zacatecas, na mji mkuu wa nchi yetu tumeuona kwenye televisheni tu. Mimi nilikubali kwa sharti moja, na sharti hilo nilimpa Layo. Siku aliyopigwa na kiharusi alikuwa zizini tangu alfajiri, anaona ardhi inainama chini ya miguu yake, akanyamaza kutwa nzima eti asinisumbue. Jioni akaanguka. Kwa hiyo kabla ya kupanda basi nilimwapisha: ukiona dalili yoyote uniambie papo hapo, hata kama tuko mbele ya Bikira mwenyewe.

"Na wewe je?" akaniuliza. "Wewe nani atakuapisha?"

"Mimi? Mimi nina afya ya punda."

Nilimdanganya. Tangu Kwaresima kifua kilikuwa kinanibana kila nikipanda ngazi, na sikumwambia mtu. Nikiugua mimi, yeye atatunzwa na nani? Mwanamume hawezi hata kuchemsha yai.

Tulizunguka asubuhi yote. Watu wa jiji hili hawajui kusema sijui. Ukiwauliza njia watakuelekeza tu, kwa upole, mkono umenyooka, hata kama wao wenyewe hawajawahi kufika huko. Tulimuuliza askari, tukamuuliza muuza magazeti, tukamuuliza bibi mmoja mwenye mbwa, na kila mtu akatuelekeza njia yake. Uwanja mkuu tuliufikia kwa rehema za Mungu. Layo akavua kofia mbele ya bendera akataka apigwe picha. Nilimpiga nyingi, na karibu zote amefumba macho.

Kisha tukaingia Kanisa Kuu.

Ndani kulikuwa na ubaridi na harufu ya mishumaa. Tulikuwa tunatembea polepole kuelekea madhabahuni, tumeshikana mikono, nikahisi sakafu inanivuta kushoto. Nikapiga hatua nyingine, ikanivuta tena. Nikakaza macho kwenye nguzo ili nipate pa kujishikiza, nayo nguzo nikaiona imelala upande. Moyo ukaanza kwenda mbio. Nikajua leo ndiyo leo. Nikashika benchi kwa mkono mwingine, nikajifanya nasoma kibao cha askofu fulani aliyezikwa pale. Si hapa, Mungu wangu, niliomba. Si mbele yake. Niache nimfikishe nyumbani, halafu unifanye utakavyo.

Layo akaniachia mkono. Akajibwaga kwenye benchi, kofia magotini, uso umempauka.

"Tila."

"Nini tena?"

"Kaa hapa, mama." Akapigapiga benchi kando yake. "Sakafu inainama. Imerudi. Nakwambia kama ulivyoniapisha."

Nilisahau kifua, nikasahau na nguzo. Nikakaa, nikamshika uso kwa mikono miwili.

"Cheka nikuone. Haya, meno. Sasa inua mikono. Yote miwili!"

Akainua mikono mle kanisani kama mtu anayeporwa. Yote ikapanda sawasawa.

"Inainama upande gani?"

"Kushoto."

"Kushoto?" Neno likanitoka kabla sijalizuia. "Mbona hata kwangu ni kushoto!"

Mwanamke aliyekuwa anakwangua nta sakafuni akaanza kucheka.

"Wageni, eh? Msiogope, wazee wangu. Jiji hili limejengwa juu ya ziwa. Kanisa linazama, na upande mmoja una haraka kuliko mwenzake. Mimi nikifagia, takataka zinanitangulia zenyewe." Akatuonyesha timazi, kipimo cha waashi cha kupimia unyoofu, lililoning'inia kwa waya mrefu kutoka kwenye kuba. "Kilichonyooka humu ndani ni kile tu. Sisi wengine wote tumepinda."

Akachukua ndoo yake akaenda. Layo akacheka mpaka benchi likatikisika, nami nikacheka naye huku nalia, maana nilimpenda sana wakati ule, mzima, na meno yake yote yaliyobaki. Halafu akaacha kucheka.

"Tila. Umesema hata kwako."

"Si umesikia? Ni sakafu."

"Sakafu nimeisikia. Nakuuliza wewe. Uliona dunia inapinduka, ukakaa unasoma habari za askofu?"

Nikageuza macho kwenye kibao cha askofu.

"Ungeniambia lini?"

"Tukifika nyumbani."

Afadhali angegomba. Alinitazama tu, anazungusha kofia mikononi.

"Mimi nilidhani nakufa, nikakwambia," akasema taratibu. "Na haikuwa rahisi, mke wangu. Kuanguka ni rahisi kuliko kusema."

"Kifua," nikasema. "Kinanibana. Si leo tu."

Layo akainuka kwa kujivuta, mkono kwenye benchi la mbele, akanipita magotini huku ananiomba radhi kama abiria, akahamia kushoto kwangu, upande sakafu inakoteremkia. Akaketi, akanisogelea mpaka bega lake likagusa langu.

"Sasa sema tena," akasema. "Tangu mwanzo. Na ikikuvuta, iache ikuvute huku."

Nikamwegemea, nikaanza na siku ile ya Kwaresima.