Kupumzika Kupi?

Mimi ni nesi wa shule, na kwa miaka kumi na sita nimetibu vichwa visivyouma hadi nimechoka. Siku ya mtihani wa hesabu vitanda vyangu vitatu havitoshi. Wanafunzi wananiita Mama Vidonge, nami nawaita wavivu, na tunaelewana.

Basi Kasuku alipokuja mara ya tatu ndani ya wiki moja, nilikuwa nimeshakunja ndita. Msichana huyo wa kidato cha tatu alipewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Siku hiyo alisimama mlangoni kimya.

"Mama, naomba kupumzika."

"Kichwa au tumbo?"

"Hapana."

"Hapana ndiyo ugonjwa gani?"

Hakucheka. Nikavuta kitabu cha ruhusa, nikaandika kama jana na juzi: "Apumzike saa moja." Akaisoma ile karatasi, akanirudishia.

"Saa moja haitoshi, mama. Nataka kupumzika tu."

Alisema kwa utulivu mno. Neno lilikuwa lile lile, lakini safari hii nililisikia kama linavyosemwa msibani: mzee amepumzika. Nikajikemea, acha uchuro, mtoto ana usingizi. Na kama si usingizi? Mwalimu wa ushauri alishatuambia kikaoni kwamba ukishuku, uliza waziwazi, kuuliza hakumpi mtu wazo jipya. Mimi nilikuwa nyuma nakunja bandeji. Tena nimelelewa kwamba jambo kama hilo ukilitaja umeliita. Sasa mdomo naufunguaje?

Nikauliza kipumbavu: "Unataka kupumzika, au kupumzika?"

"Hiyo ya pili."

Nikamwingiza ndani, nikafunga mlango. Nikakaa naye kitandani, nikamshika mkono.

"Unataka kujiua?"

Akaitikia kwa kichwa, na machozi yakaanza. Alinieleza bila mpangilio: usiku halali, chakula hakina ladha, anawachekesha wenzake kwa kuwa ndivyo walivyomzoea. Nusu yake sikuielewa. Wazazi wapo, ada imelipwa, darasani anafaulu, sasa hili limetoka wapi? Vumilia, sali, mbona una kila kitu. Maneno yote niliyozoea kugawa yalinijia, na yote niliyaona takataka. Nikasikiliza tu. Kisha nikachukua simu kwa mkono wa pili.

"Unampigia nani?"

"Mwalimu wa ushauri, aje sasa hivi. Halafu mama yako."

"Usimwambie mama! Nimekuamini wewe!"

"Nitamwambia, mwanangu. Hili hatulibebi wawili."

"Ningejua nisingekuambia!"

Akanigeuzia mgongo. Sikujua kama nimemwokoa au nimemsaliti, na hakukuwa na wa kumuuliza. Simu ilikuwa inaita. Mkono wake ulikuwa bado ndani ya wangu, nikaubana.

"Nichukie," nikamwambia. "Nichukie leo, nichukie kesho, nichukie hata mwakani. Ila uwepo."