Nukta Tatu za Mama Longino

"Sasa ifungue, nione ubao wa ndani," alisema Faisal kwenye simu.

Bilali aliiegemeza simu kwenye kopo la risasi ya kulehemea ili kamera iitazame meza, kisha akachukua kalamu ya biki isiyo na wino. Skrubu za kaseti zile za gemu hazikubali bisibisi ya dukani. Dawa yake ni kuyeyusha kidogo mwisho wa kalamu kwa mshumaa, kuukandamiza juu ya skrubu ungali laini, na kungoja upoe ukiwa umeshika umbo lake. Bilali aliigundua dawa hiyo akiwa na miaka kumi na mitatu, na leo, akiwa na arobaini na minne, bado ndiyo aliyoitegemea kwenye kibanda chake cha ufundi wa televisheni pale Mirongo.

Kaseti ilifunguka. Faisal, mnunuzi wa magemu ya kale aliyekuwa Dar es Salaam, aliisogeza sura yake karibu na kamera.

"Orijino kabisa," alisema. "Ile ile ya ndege nyeupe inayopiga risasi mawinguni, toleo la Japani. Lebo nzima, pini zinang'aa. Umeitunza, fundi. Ila nyuma nimeona madoa mekundu matatu. Ni nini?"

"Rangi ya kucha."

"Nani anapaka gemu rangi ya kucha?"

Bilali alipangusa meza kwa kiganja. Kumweleza mtu wa Dar jambo lile kungemaliza vocha.

"Basi sikiliza," Faisal aliendelea. "Ikiwa na hiyo rangi nakupa laki mbili. Ikiwa safi, laki nane. Tia asetoni, futa, nitumie picha."

"Asetoni inakula plastiki."

"Fundi ni wewe, utajua la kufanya."

Simu ilikatika. Bilali aliifunga kaseti na kuiweka mbele yake, mgongo juu. Alikuwa na kaseti nyingine thelathini na moja kwenye bati la biskuti, alizozikusanya moja moja kutoka kwa watu waliotaka kuzitupa, na hakuwahi kuuza hata moja. Lakini televisheni za chogo, zilizomlisha miaka yote, sasa zilikuwa zikitupwa majalalani. Watu walimletea flati, zile bapa za kisasa, naye akawaelekeza kwa mafundi wengine kwa kuwa hakuwa na vifaa vya kuzifungua. Wiki ile alikuwa amewaelekeza watu watano. Laki nane zingenunua mashine ya hewa moto, kipima taa, na vile vikombe vya mpira vya kunyanyulia kioo bila kukivunja.

Kufuta rangi lilikuwa jambo dogo. Tatizo lilikuwa mwenye rangi.

Mtaa wa Mirongo, zamani, hakuna aliyekuwa na sahani za kutosha harusi wala sufuria za kutosha msiba. Watu waliazimana. Na ili vitu visipotee, kila nyumba ilikuwa na alama yake: mama yake Bilali alipaka msalaba wa buluu, ingawa majirani walimtania kwamba Mwislamu gani huyo, na Mama Longino alipaka nukta tatu nyekundu. Shughuli ikiisha, wanawake walikaa chini na kuvipanga vyombo kwa alama, na kila kimoja kilirudi kwao. Hata vijiko vilirudi.

Kaseti hii ilikuwa na nukta tatu. Nayo haikurudi.

Kesho yake asubuhi Bilali aliifunga kaseti kwenye leso, akapanda pikipiki yake na kwenda Nyakato, kwa Mama Longino.

Mama Longino, jina lake Leonsia, alikuwa muuguzi mstaafu mwenye miaka sabini na tatu, Mhaya mrefu ambaye hata nyumbani alitembea kama anayekagua vitanda vya wagonjwa. Bilali alimtembelea kila Idi akiwa na bakuli la pilau. Ndiyo maana mama huyo alishangaa kumwona siku ya kawaida.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Bilali. Karibu. Kaa popote, ila usihangaike na hiyo TV, haina picha. Sauti ipo. Mwezi wa pili huu nasikiliza misa kama redio."

Bilali aliitazama ile flati ukutani, nyeusi, ikizungumza peke yake. Aliujua ugonjwa wake bila kuigusa, na hakuweza kuutibu. Alikaa. Njiani alikuwa amepanga maneno mazuri, lakini yote yalimkimbia, akabaki kufungua leso na kuiweka kaseti juu ya meza.

"Mama, hii ni yako. Uliniazima mwaka tisini na sita ulipohamishiwa Magu. Ulisema nikurudishie ukirudi. Ulirudi, nikanyamaza. Kila ukisema vitu vyako vingi vilibaki Mirongo, mimi natazama saa."

Mama Longino alivaa miwani. Alipitisha kidole juu ya nukta, moja baada ya nyingine, kisha akacheka.

"Rangi hii ilinunuliwa kwa harusi ya mdogo wangu Evelina. Akapaka kucha mbili, nyingine yote ikaishia kwenye sufuria zangu. Alininunia mwezi mzima." Aliivua miwani. "Nilijua unayo."

"Ulijua?"

"Mwaka niliostaafu si nilikuletea redio? Niliiona kwenye rafu yako, nyuma ya kioo, haina hata vumbi. Wewe ulikuwa umeinamia redio."

"Mbona hukusema, Mama?"

"Niseme nini? Marehemu mume wangu, mzee Rwehumbiza, aliileta kutoka Japani kwa ajili ya Longino, na Longino alitaka mpira. Sebule yangu ilijaa watoto wa mtaa mzima, wanapokezana, wanaipuliza hiyo kaseti vumbi litoke, mpaka mate yanadondoka. Nikawapigia kelele: msipulize, mnaambukizana kifua. Halafu siku moja ikafa. Nikarudi kutoka zamu nikakukuta mezani na mshumaa wangu na kalamu yangu, umeifungua vipandevipande. Nilivua kandambili nikuchape."

"Nakumbuka."

"Ukasema, Mama subiri kidogo. Ukasugua zile pini kwa raba ya shule, ukaifunga, ikawaka. Nikaivaa kandambili yangu. Wiki hiyo hiyo nikakuletea pasi, ukatengeneza. Nikakuletea saa ya wodini." Alitikisa kichwa. "Baba yako alikuwa ametoka kufariki, na mama yako alikuwa anawaza utakuwa nani. Mimi sikuwaza tena."

Bilali alitazama mikono yake. Kila alichowahi kula, ada za wanawe, bati la nyumba yake, vilitoka kwenye meza ile yenye mshumaa, naye hakuwahi kusema asante. Aliisema sasa, mara mbili. Kisha akamweleza yote: Faisal, laki nane, mashine, na kwamba nusu ya fedha ingekuwa ya Mama.

"Hiyo mashine ingetengeneza TV hii?" aliuliza Mama Longino.

"Ndiyo. Zilizokufa ni taa za ndani tu."

"Nusu yangu ndiyo hiyo. Nataka kumwona padri, nimechoka kumsikia tu."

Aliinuka, akarudi na pamba na chupa ya spiriti.

"Ngoja, Mama, nitafuta mwenyewe nyumbani."

"Huwezi. Chombo cha kuazima kina alama. Nikimpa mtu moja kwa moja, nafuta kwa mkono wangu, asije mtoto wangu siku moja akakidai. Shika hapa."

Bilali alishika. Mama Longino alilowesha pamba, akaiweka juu ya nukta ya kwanza, akangoja, akaizungusha bila haraka, vile anavyobandua bandeji kwenye kidonda kibichi. Pamba ikawa ya waridi. Televisheni nyeusi ikatangaza hali ya hewa ya ziwani. Alipomaliza ya tatu, plastiki iliyokuwa chini ilionekana nyeupe kuliko sehemu nyingine, kwa kuwa miaka thelathini ya jua haikuwahi kuigusa.

"Imekuwa yako," alisema, akamrudishia kwa mikono miwili.

Faisal aliviona vile vidoa vyeupe pichani na kulalamika. Bilali alimwambia hiyo ndiyo rangi yake halisi, sehemu nyingine ndizo zilizochakaa. Wakabishana siku mbili, Faisal akapunguza elfu hamsini, na kaseti ikasafiri na basi la alfajiri ikiwa ndani ya boksi la viatu lililojazwa pamba. Bilali alisimama kituoni mpaka basi likaondoka. Roho ilimuuma, asingedanganya.

Mashine ilifika Alhamisi. Aliipangia nafasi katikati ya meza, na mbele yake akailaza kifudifudi flati ya Mama Longino, iliyokuja tangu juzi ikiwa imefungwa kwa blanketi. Kabla hajachomeka waya, alitoka akaenda saluni ya jirani.

"Sihaba, niazime rangi ya kucha. Nyekundu."

"Fundi, umeamua kujipamba uzeeni?"

"Nipe, nakurudishia sasa hivi."

Aliigeuza mashine. Kwenye mgongo wake, chini kidogo ya swichi, kama kwenye chombo cha kuazima, alidondosha nukta ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu. Ya tatu ikawa kubwa kidogo kuliko nyingine. Sihaba alikuwa akiisubiri chupa yake mlangoni na rangi ilikuwa bado mbichi.

Tangu Mama Longino alipowapigia kelele utotoni, Bilali hakupuliza kitu chochote kilichokuwa juu ya meza ya kazi, na aliwakemea wateja waliothubutu. Sasa aliinama, akaikaribia mashine, akazipuliza zile nukta, polepole, mpaka zikakauka.