Kikohozi Chumba cha Pili

Mwanzoni fundi cherehani alidhani ni vumbi. Yeye na Chiriku walipanga pamoja nyumba ya vyumba viwili na sebule ndogo, na kwa kuwa fundi alishonea hapohapo sebuleni, nyuzi na vipande vya vitambaa havikukosekana sakafuni. Chiriku alipoanza kukohoa, fundi akafagia, akapiga deki, akarudi kwenye sare za shule alizokuwa akishona.

Chiriku alikuwa msusi, na jina hilo alipewa saluni kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Alikuwa na habari za harusi ambazo hakualikwa na ugomvi wa mitaa asiyokaa. Fundi, mjane ambaye watoto wake walikuwa na familia zao mbali, alijifanya kuchoshwa. "Yapumzishe masikio yangu, mdogo wangu," angesema, huku akipunguza mwendo wa cherehani asije akapitwa na neno.

Vumbi likaisha, kikohozi kikabaki. Mashavu ya Chiriku yakaingia ndani. Gauni aliloshonewa na fundi mwenyewe likawa linamning'inia kama limetundikwa kwenye msumari, na kila asubuhi alianika shuka zilizolowa jasho.

"Umekwenda hospitali?"

"Mafua tu, dada. Yataisha."

"Mafua gani haya yasiyo na kamasi?"

Chiriku akacheka, kicheko kikageuka kikohozi.

Fundi alimpigia simu binti yake. "Hama, mama," binti akasema. Ahamie wapi na cherehani mgongoni? "Basi angalau tenga vyombo."

Akatenga. Alifunga uzi mwekundu kwenye mkono wa kikombe kimoja, akakiweka peke yake pembeni mwa kabati. Chiriku alikinywea chai, akakiosha, akaenda nacho chumbani kwake. Tangu siku hiyo akawa anakula hukohuko, mlango umefungwa. Saluni nako walikuwa wamemwambia apumzike kwanza.

Nyumba ikapoa. Fundi aliendesha cherehani, akasimamisha mguu, akasikiliza. Kikohozi kilimtia hofu, na kisiposikika kilimtia hofu zaidi.

Alasiri moja mteja alimleta mwanawe kujaribu sare. Fundi alikuwa bado na pini mdomoni wakati kikohozi kilipopasuka ndani, kirefu, cha kukwangua kifua. Yule mama alimvua mtoto shati haraka haraka. "Nitarudi," akasema, na uso wake ukasema vingine.

Fundi aliinuka na hasira zake. Leo atamwambia ahame, liwalo na liwe. Lakini alipoufikia mlango alisikia mazungumzo. Chiriku alikuwa akisimulia kwa sauti ya chini habari za bibi harusi mmoja aliyesinzia akisukwa, hata vicheko anavitia mahali pake. Hakuna mtu aliyejibu. Chumbani hapakuwa na mgeni wala simu iliyoita.

Hasira zikamwishia mikononi. Akabisha hodi.

"Usiingie, dada."

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini. Si ulifunga uzi?"

Fundi akakosa pa kuangalia. "Niliogopa."

"Hata mimi naogopa. Nikienda wakaniambia ndicho kifua kikuu, nani tena atanipa kichwa chake nikisuke?"

"Mficha maradhi kilio humfichua."

"Kilio cha nani? Nina nani wa kunililia mji huu?"

Fundi alikaa chini sakafuni, mgongo umeegemea mlango. "Mimi nipo," akasema. "Kesho tunakwenda wote."

Walikwenda. Kwenye benchi la nje la zahanati Chiriku alikaa upande wa mwisho, kitambaa mdomoni. Fundi alitaka kusogea karibu, akasita, akasogea nusu. Vipimo vilipotoka, ndicho hasa. Muuguzi alieleza polepole: dawa kila siku kwa miezi, bila kuruka, na madirisha wazi. Wakampima fundi naye; alikuwa mzima.

"Na vyombo?" fundi akauliza.

"Huu unakwenda kwa hewa, mama. Kikombe hakina kosa."

Chiriku aliinamisha kichwa. Fundi alihisi uso unawaka.

Jioni ile aliukata uzi kwa mkasi wake wa kushonea. Walikaa uani, kila mtu na kiti chake, wakanywa chai. "Kikombe kile kiliniuma kuliko kifua," Chiriku akasema, bila ukali.

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Ningekuwa wewe, ningekimbia kabisa."

Baada ya wiki chache shangazi yake Chiriku alikuja kumchukua, akamalizie dawa mahali penye watu wa kumpikia. Alipona. Akapata saluni hukohuko kwa shangazi, na alipopiga simu sauti yake ilikuwa imerudi yote, haina kituo. Fundi alifurahi kweli. Alimwuliza atarudi lini, na kwa mara ya kwanza Chiriku akatafuta maneno.

Chumba cha pili sasa anakaa karani mmoja. Ni mtu mpole. Akirudi kazini husalimia, huingia kwake, hufunga mlango. Ana afya njema kabisa.