Mtoto wa Kila Mtu

Mtoto wetu alikuwa tayari kuondoka na mtu yeyote. Muuza ndoo akimwambia twende, anakwenda. Mteja akikaa kwenye kochi kulijaribu, msichana keshampanda mapajani, anamwita mama, anamuuliza kwake kuna kitanda. Alikuwa na miaka sita, na sisi tulidhani ni uchangamfu tu. Tukamwita Chiriku.

Alikuwa mtoto wa mdogo wake mke wangu, aliyefariki akijifungua. Ndugu walitupiana mzigo mpaka mtoto akaishia kwenye kituo cha kulelea watoto, akalelewa kwa zamu: asubuhi huyu, jioni yule, mwezi ujao sura mpya. Sisi hatukujaliwa mtoto. Mke wangu alihangaika na ofisi za ustawi wa jamii kwa miaka mpaka wakamkabidhi. Alimbeba mgongoni njia nzima, mtoto mkubwa anayejua kukimbia, akasema, "Huyu sasa ana mama."

Mimi ni fundi makochi. Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu, na wateja walimpenda Chiriku kuliko makochi. Aliyeshtuka ni mwalimu. Mtoto alianguka shuleni, goti likapasuka. Hakulia, hakumtafuta mtu, alikaa akitazama damu kana kwamba ni ya mwingine. Tukaambiwa tumpeleke kwa daktari wa watoto, yule anayeangalia mienendo, si homa.

Daktari alikuwa mama mtaratibu. Alipima masikio, akacheza naye, akauliza maswali mpaka nikachoka.

"Akiumwa, anamkimbilia nani?"

"Haumwi huyu," nikasema. "Mtoto wa chuma."

"Hakuna mtoto wa chuma, baba."

Siku nyingine alituomba tutoke, tumwache naye. Tulichungulia kwenye kioo cha mlango. Chiriku hakugeuka kutuangalia. Baadaye mke wangu aliitwa arudi, akaingia mikono wazi. Mtoto alikuwa keshakaa mapajani mwa daktari, anachezea miwani yake. Akamtazama mama yake mkubwa, akasema, "Karibu," akaendelea na miwani.

Daktari hakuzunguka. Si ukaidi, akasema, wala si akili, wala si nyinyi. Ni tatizo la mfungamano. Mtoto mchanga hujifunza mtu mmoja kwanza, sauti yake, harufu yake. Huyu kila alipoanza kumjifunza mtu, mtu akabadilishwa. Mwishowe akaacha kujifunza.

"Dawa yake?" nikauliza.

"Hakuna kidonge. Nyinyi wawili tu mumlishe, mumwogeshe, mumbembeleze. Wengine wamsalimie kwa mbali. Na itachukua muda mrefu."

Mama mkwe alipoelezwa aliwaka. "Mimi nimezaa saba, leo nizuiwe kumpakata mjukuu? Nina upele?"

"Mama, ni daktari kasema."

"Basi daktari naye azae wake!" Akachukua mkoba wake, akaondoka.

Nilifunga karakana ya mbele, nikahamishia kazi uani, ambako mteja haingii. Mke wangu aliacha kazi ya upishi shuleni. Alimwogesha mtoto, akamsuka, akamwimbia mpaka sauti ikakauka. Mimi nilikaa pale pale nikivuta springi, Chiriku kando yangu akiokota misumari. Akijichoma, naangalia kidole, napuliza, narudi kazini. Basi.

Siku moja nilikwenda kununua sponji. Kurudi, nasikia kilio kutoka mbali, nikadhani kaungua. Chiriku alikuwa ameng'ang'ania geti, makamasi yamejaa mdomoni. Mke wangu anajaribu kumwinua, mtoto anampiga mateke. "Sikutaki wewe! Nataka baba!" Aliponiona akakamata suruali yangu kwa mikono miwili. Hakuwahi kumlilia mtu maishani mwake.

Daktari alifurahi. "Ameanza. Akishampata mmoja, wa pili atafuata."

"Lini?" mke wangu akauliza.

"Hilo siwezi kukwambia, mama."

Nyumbani mke wangu alikaa kwenye ngazi, hakuvua viatu.

"Nimembeba mimi. Nimemwogesha mimi. Wewe umefanya nini?"

"Sijafanya kitu."

"Ndiyo hapo sasa."

"Si umesikia? Wa pili atafuata."

"Damu ya mdogo wangu hiyo, baba Chiriku. Yaani mimi nipange foleni kwa mwanangu?"

Alimwogesha mtoto mara ya mwisho, akampaka mafuta taratibu, kidole kwa kidole, akabeba begi. Chiriku alimpungia mkono, akatabasamu, akamwambia karibu tena.

Sasa hali ni hii. Mama mkwe hakanyagi hapa. Wateja wengi wamehamia kwa fundi wa barabarani. Mke wangu yuko kwa mama yake. Nikimpigia simu anauliza kama mtoto amekula, nikijibu anakata. Nimebaki na mtoto mmoja, anayelia nikienda chooni.