Siku Niliyopima Nyundo za Mjomba

Nchi yetu ni ndogo. Ukipiga chafya mpaka huu, mpaka ule wanakujibu "afya!" Ndiyo maana sheria ya kelele ilipopitishwa, nami nikateuliwa afisa wa kuisimamia, kile kifungu cha kumkataza afisa kumpima ndugu yake kilifutwa hata wino haujakauka. Kingebaki, ningekaa ofisini nanywa chai tu, maana kila mwenye kelele hapa ama ni ndugu yangu, ama ni ndugu wa mume wangu. Sheria ni msumeno, nilisema, na mpini nimeushika mimi. Woga sikuwa nao hata chembe.

Kisha akaja nesi, macho mekundu.

Nesi huyu hufanya kazi zamu ya usiku, asubuhi ndiyo hulala. Chumba chake kimepakana na karakana ya mabati, na anapovuta shuka tu, nyundo nazo zinaanza.

"Jana nusura nimpe mgonjwa dawa ya mwenzake," akaniambia. "Afisa, kwa usingizi huu nitaua mtu."

Karakana yenyewe ni ya mjomba wangu, kaka yake mama, aliyenilea tangu nabebwa mgongoni. Kelele zikipita kiwango, karakana inafungwa mpaka zizuiwe, na hapo hakuna cha mjomba wala shangazi. Nikabeba kipimo changu cha sauti, nikaenda.

Nilirudi mikono mitupu. Fundi wa kwetu hapigi nyundo mbele ya mgeni. Ni kukosa adabu. Nilipochungulia tu mlangoni, mjomba aliweka nyundo chini, binamu zangu wawili wakaweka zao, kiti kikapanguswa vumbi, salamu zikaanza. Mama hajambo? Watoto? Magoti ya mama? Kipimo changu kikasoma ukimya. Waliotunga ile sheria walifikiria kila kitu isipokuwa adabu.

Mara ya pili nikaenda na kifungu kingine mdomoni: kelele hupimwa chumbani kwa anayelalamika, na mwenye kelele awepo ashuhudie kwa macho yake.

"Mpwa wangu, utanifungia kweli?" mjomba akauliza. "Mkono huu ndio uliokulisha."

"Ulinilisha, mjomba, ukanifundisha pia kusema kweli."

"Na hawa wanangu watakula sheria?" Akacheka, akajifuta mikono. "Haya, twende. Kelele zangu nazijua, za kawaida tu. Huyo nesi usingizi wake mwepesi kama karatasi."

Tukaketi kitandani kwa nesi, kipimo kati yetu, tukangoja. Ila binamu zangu si wajinga. Baba yao hayupo, afisa hawaoni, basi wakawa wanayagusa mabati kana kwamba wanabembeleza mtoto mchanga. Kipimo hakikutikisika. Hasira zikanipanda. Nikamwachia mjomba kipimo kiganjani, nikamwomba nesi abaki naye, nikatoka hadi karakana.

"Lete nyundo," nikamwambia binamu mkubwa.

"Dada, utajiumiza."

"Kaa pembeni."

Nikavua koti, nikalitandika lile bati kama mtu anayeua nyoka. Vumbi lilidondoka kutoka juu, binamu mdogo akaziba masikio, kuku wa jirani wakatimua mbio. Viganja vilinichubuka na sikuacha, kwa sababu nilitaka namba ambayo hata mama yangu asingeweza kuibishia. Tena nilifurahia, siwezi kudanganya. Nilipochoka nikarudi kwa nesi kifua mbele, jasho linanitiririka, amri ya kufunga karakana iko ncha ya ulimi.

Nesi alikuwa amesimama nyuma ya mjomba, kiganja mdomoni. Kwenye kipimo taa nyekundu ilikuwa bado inawaka, na namba ilikuwa imekipita kiwango cha sheria mbali kabisa. Mjomba alikuwa amekaa vilevile nilivyomwacha, mgongo umenyooka, macho mlangoni, mtulivu, kama mtu aliye kwenye foleni.

"Sasa, mwanangu," akaniambia, "mbona huanzi? Sisi tunakungoja."

Nilikuja pale kwa ajili ya usingizi wa nesi, na hakuna kifungu nilichokuwa nimekisoma kuhusu hili. Nikachuchumaa mbele yake ili auone mdomo wangu, nikamfunulia viganja vilivyochubuka.

"Mjomba, nimemaliza."

Alivitazama viganja. Akaitazama ile taa nyekundu. Akamgeukia nesi, na nesi akaitikia kwa kichwa, machozi yanamtoka.

"Tangu lini?" nikamuuliza mjomba.

Akautazama ukuta wa karakana, na huko upande wa pili wanawe walikuwa wanacheka kwa sauti, wakisimuliana jinsi nilivyoshika nyundo.

"Wanangu wamo mle," akasema. "Nimewaweka mle mwenyewe."

Nilifungua kinywa nitoe amri, naye alikuwa ameshasimama. Alitoka, akawashika wanawe mkono, mmoja mmoja, akawatoa nje. Kisha akaufunga mlango wa karakana, akanikabidhi ufunguo.